Namba Nyuma ya Nyota

Moscow, 20 Novemba 1994

Mpwa wangu Rezeda, binti ya dada yangu wa pekee,

Assalamu alaykum. Kabla hujaendelea kusoma, mketishe mama yako, maana barua hii inatoka kwa mtu ambaye bila neno lake hakuna jenerali wa Moscow anayethubutu kutoka nyumbani na nishani kifuani. Sijisifu. Nakuarifu tu, ili mkisikia redioni msishtuke.

Jumamosi iliyopita, pale soko la Izmailovo nilipo na meza yangu, lilisimama gari jeusi. Akashuka jenerali, jina silitaji, mambo ya serikali. Akafungua kiganja, ndani yake mna nishani ya Nyota Nyekundu. "Fanzil Khabirovich," akasema, sauti inamtetemeka, "niambie ukweli." Sikutoa hata kioo changu cha kukuzia. Nilifumba macho, nikaipapasa kwa kidole gumba, nikamwambia, "Mheshimiwa, hii ni halali. Imetengenezwa Jumatatu asubuhi, na fundi wake alikuwa na mafua." Mtu mzima akalia. Alitaka kunipa gari, nikakataa, nitaliweka wapi?

Afya yangu ni nzuri isipokuwa jino moja. Magoti ya mama yako yanaendeleaje? Mmeshachinja mabata bukini? Nitundikieni mmoja darini akauke vizuri, kama alivyokuwa akiwakausha marehemu mama yangu.

Sasa neno lenyewe. Mwezi Mei ujao vita vinatimiza miaka hamsini tangu viishe, na nitakuja. Nitamletea baba yangu koti jipya la kijivu, avae siku ya tarehe tisa, nami nitakaa kando yake mstari wa mbele, watu wa Kamish-Yelga waone. Mwambie nyota yake ya vitani asiisugue kwa ile dawa ya meno ya unga kama wazee wenzake, inakwaruza. Wala asimpe mtu kuishikashika. Anayetaka kuiona aione ikiwa kifuani, kwa mbele, inatosha.

Msalimie sana. Mwambie mwanawe ni mtu mkubwa.

Mjomba wako,
Fanzil

*

Kamish-Yelga, 11 Desemba 1994

Mjomba, shikamoo.

Barua yako ilitembea siku kumi na nane lakini ilifika. Sisi wazima. Magoti ya mama yanauma baridi ikizidi, anayapaka mafuta ya bata. Tulichinja mabata kumi na moja, wako ametundikwa. Kule zahanati mshahara wa Oktoba tulilipwa kwa sukari, kilo ishirini na mbili, kwa hiyo angalau chai yetu ni tamu.

Mjomba, huku kumetokea jambo, na nakuandikia wewe kwa sababu hakuna mwingine anayeyajua haya.

Kwa ajili ya hiyo miaka hamsini kila askari wa zamani atapewa medali mpya, na Baraza la Askari wa Zamani linakagua vitu vya kila mmoja kwanza. Alikuja Kapteni Minnegali, yule mwenyekiti. Babu akamtolea kijitabu chake cha nishani na koti. Minnegali akafungua ile nati ya nyuma, akaitoa nyota, akaigeuza chini ya taa.

"Khabir, hebu soma hapa."

"Macho yangu hayasomi hata mkate una bei gani. Soma wewe."

"Kijitabu kinasema 742318. Nyota inasema 739056."

"Basi?"

"Basi hii siyo yako, mwenzangu. Ni ya nani?"

Babu akacheka. Akapandisha suruali, akamwonyesha lile kovu. "Na mguu huu ni wa nani? Au na risasi nayo ilikosea nyumba?"

Minnegali hakucheka. Alisema siku hizi nyota zinauzwa kwenye vituo vya treni kama mbegu za alizeti, kila mwenye kutaka ushujaa anajinunulia. Akaandika kitu kwenye daftari lake. Juma lililofuata orodha ilibandikwa mlangoni pa duka, jina la Babu halimo. Alikwenda mwenyewe na fimbo yake, akamwomba muuza duka amsomee. Yule mama akaisoma yote, kisha Babu akamwambia, "Rudia, labda umeniruka." Akarudia.

Tangu siku hiyo hatoki. Analala ameelekea ukutani. Pale kwenye foleni ya mkate wanamwita Khabir wa nyota ya kununua, na anajua.

Wewe ndiye mtaalamu. Inawezekanaje namba zisilingane? Tuambie la kumjibu Minnegali. Mzee ana miaka sabini na tatu, Mjomba, hana kitu kingine cha kuacha ila jina.

Kuna jambo jingine. Mama anakumbusha kwamba kiangazi cha mwaka tisini na moja, ulipokuja, uliichukua nyota kwenda nayo Moscow kuisafisha kitaalamu, ukairudisha kwa posta baada ya majuma matatu. Je, huko lilitokea lolote? Jibu tu ili tujue.

Rezeda

*

Moscow, 15 Januari 1995

Mpwa wangu,

Salamu nyingi, na heri ya mwaka mpya. Barua yako imenifikia leo hii hii, posta ya siku hizi ni mzaha. Nimeisoma mara nyingi na kuifikiria siku nyingi. Jino nimeling'oa. Nililing'oa mwenyewe, kwa koleo ile ile ninayofungulia nati, na daktari aliposikia aliniomba nimfundishe.

Sasa nenda kamwite Minnegali, mwambie asimame wima, maana anazungumza Fanzil wa Izmailovo. Huyo kapteni wako alikaa ofisini vita vizima, atajua wapi mambo ya mstari wa mbele?

Sisi wataalamu tunayajua. Askari alipopewa nyota kule vitani hakuibandika kifuani hivi hivi. Ilikuwa lazima ioshwe. Wenzake wanachukua bakuli la bati, wanamimina vodka, nyota inatumbukizwa, na mwenye nyota anakunywa mpaka chini, kisha anaitoa kwa meno, bila mkono. Ndipo inakuwa yake. Sasa fikiri: watu wawili wamepewa siku moja. Vodka ni chache, bakuli ni moja. Nyota mbili zinaingia pamoja. Huyu anakunywa, anapokezana na yule, kila mmoja anang'ata ya kwanza kugusa meno yake. Usisahau na baba si mnywaji. Mtoto wa mwadhini, maskini, ile ilikuwa mara yake ya kwanza na ya mwisho. Angeona namba gani?

Na ushahidi uko wazi. Zile namba zinapishana elfu tatu tu. Ni za kasha moja, zimefika mstari wa mbele kwa gari moja. Nimeona kesi za namna hii, nisiseme mia, themanini. Mwambie Minnegali nyota ni halali na mtu ni halali, ila wawili walibadilishana bila kujua.

Msomee baba maneno haya kwa sauti kubwa, asikie.

Kuhusu hayo mengine, mama yako tangu utotoni ana kumbukumbu ndefu kwa vitu vidogo. Mwambie azidishe mafuta ya bata.

Mjomba wako,
Fanzil Khabirovich

*

Kamish-Yelga, 12 Februari 1995

Mjomba, shikamoo.

Mama anakusalimu. Theluji imefika kwenye madirisha, tunachimba njia ya kwenda zizini kila asubuhi. Ng'ombe amezaa ndama jike.

Nilimsomea Babu barua yako, kwa sauti, kama ulivyosema. Nilipofika kwenye lile bakuli akageuka kutoka ukutani.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Lilikuwa bakuli la Mitrofan," akasema. "Lilikuwa na tundu, tukaliziba kwa mkate."

Akaketi. Akaomba chai, akala vipande viwili vya mkate na siagi, mara ya kwanza tangu Desemba. Mama alitoka ukumbini ili alie peke yake.

Minnegali alikuja nilipomwita. Nilimsomea na yeye. Alivua kofia. Akasema, "Yangu tuliioshea kwenye helmeti." Kumbe hakukaa ofisini, Mjomba, ana vidole vitatu tu mguu wa kushoto. Siku ya pili jina la Babu lilikuwa limeongezwa kwenye orodha kwa kalamu, pale mlangoni pa duka. Nilikushukuru moyoni njia nzima.

Ila furaha ilikaa siku nne. Siku ya tano nilimkuta Babu ameitoa nyota kwenye koti, ameifunga katika leso. Nikamuuliza ya nini.

"Ya mwenyewe. Mitrofan Lagutin. Kwao ni Voronezh, kijiji nimekisahau."

"Babu, si mlibadilishana? Basi yeye alikuwa na yako, wewe una yake. Mko sawa."

"Alikufa siku ya tisa tangu tuzioshe," akasema. "Kwenye mto Narew. Alikuwa ameivaa yangu. Tulimzika nayo, hapakuwa na muda wa kumvua. Mwenzangu amelala chini ya ardhi ya watu na namba yangu kifuani, nami nimezunguka na yake miaka hamsini, kwenye harusi, kwenye gwaride, nimepigwa nayo picha. Mke wake hakupata kitu. Hata hiyo moja aliyostahili kupelekewa ninayo mimi."

Hataki kuivaa tena. Anataka irudishwe kwa watu wa Lagutin. Anasema wewe uko Moscow na wakubwa wote wanakujua, upeleke namba 739056 kwenye hifadhi ya nyaraka za jeshi kule Podolsk, wakutajie kijiji. Fanya haraka, anauliza kila posta ikija.

Mama anauliza tena kuhusu mwaka wa tisini na moja. Hukulijibu lile.

Rezeda

*

Moscow, 19 Machi 1995

Rezeda,

Salamu kwenu wote. Hapa theluji imekuwa tope. Sina mengi, kazi ni nyingi.

Podolsk nimekwenda mwenyewe. Mkuu wa pale tunafahamiana, alinipa chai na biskuti. Kwa bahati mbaya karatasi za kikosi chao ziliungua. Hakuna kijiji, hakuna mke, hakuna wa kupelekewa. Nimeapa kwao kuwa jambo limekwisha, kwa hiyo msijisumbue kuandika huko, mtawaudhi watu.

Mwambie baba aivae. Nyota ni nyota. Huyo Mitrofan kama alikuwa rafiki kweli angefurahi. Wanaume wa vitani hawakuwa watu wa kuhesabiana namba. Mwambie mwanawe amesema, na mwanawe ndiye anayejua.

Koti nimelinunua. Zuri, lina bitana ya hariri.

Fanzil

*

Kamish-Yelga, 9 Aprili 1995

Mjomba,

Mama hajambo kidogo. Ndama anakua.

Barua yako ilichelewa. Babu alikuwa ameshaniandikisha barua ya kwenda Podolsk tangu Februari, niliipeleka posta siku ile ile niliyopeleka yako. Alitaka ziende pamoja, asije akakubebesha mzigo wote. Nilimsomea habari ya karatasi kuungua. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi hata yeye sasa hayupo popote."

Amerudi ukutani, lakini siyo kama ile mara ya kwanza. Ile mara alikuwa na hasira. Sasa anaongea na mtu. Namsikia nikiingia na supu: "Ningeangalia, Mitrofan, ningeigeuza tu nione." Jana aliniita, akanishika mkono huu ninaoandikia.

"Rezeda, wewe umesoma. Aliyezikwa na namba yangu, kwenye vitabu vya serikali ni nani?"

"Ni Mitrofan, Babu."

"Hapana. Mtu akifukua leo atasoma namba, atafungua kitabu, atakuta Khabir. Mimi ndiye niliyekufa pale. Na huyu aliyekula mkate wenu miaka yote ni nani?"

Nampima mapigo ya moyo kila siku kama ninavyowapima wengine zahanati, nayaandika, yanashuka. Hali chochote ila chai. Daktari wa wilaya amekuja, akasema hana ugonjwa wa kutaja.

Mjomba, nisikilize kwa makini. Mimi sikuulizi tena mambo ya mwaka wa tisini na moja. Sitaki kujua. Nataka kitu kimoja. Kama ile hadithi ya bakuli siyo kweli, kama nyota haikuwa ya Mitrofan, andika mstari mmoja: "Baba, hukuchukua cha mtu." Andika tu hivyo, usieleze sababu. Mimi nikimwambia hataniamini, mama akimwambia hataamini. Wewe atakuamini. Mpaka leo akija mgeni anamwambia, "Mwanangu wa Moscow anazitambua kwa kidole, macho kafumba."

Mstari mmoja. Ukitaka tuma simu ya maandishi, itafika kwa siku mbili.

Rezeda

*

Moscow, 27 Aprili 1995

Mpwa wangu mpendwa,

Assalamu alaykum, na hongereni kwa sikukuu inayokuja. Kwa basi la mtu wa Kazan ninayemwamini nimetuma kifurushi: koti la baba, machungwa kilo mbili, chai ya majani makubwa, na dawa ya magoti ya mama yako, imetoka Ujerumani. Machungwa mle mapema, moja lilikuwa limeanza kulainika.

Inanisikitisha kwamba tarehe tisa sitaweza kufika. Wakubwa wa huku wamening'ang'ania, gwaride kubwa linaandaliwa na kila kifua lazima nikikague. Niliwaambia nina baba mgonjwa. Wakasema, "Fanzil Khabirovich, baba zetu wote ni wako leo." Nifanyeje?

Mpikieni baba mchuzi wa kuku, siyo wa bata, bata ni mzito kwa mgonjwa. Mfungulieni dirisha. Mwambie hali ya hewa Moscow ni nzuri.

Nimeandika kwa haraka. Mengine tutaongea.

Fanzil

*

Kamish-Yelga, 25 Mei 1995

Fanzil Khabirovich,

Babu alifariki tarehe sita Mei, Jumamosi, adhuhuri. Koti lilifika tarehe saba. Machungwa tuliwagawia waliokuja kumzika.

Asubuhi ya kufa aliomba maji, akamwambia mama, "Mkimpata mtu yeyote wa Lagutin mwambieni sikujua." Mama akasema tutamwambia. Akasema, "Mwambieni kwa adabu."

Minnegali na wazee wengine wanne walikuja mazikoni wakiwa na nishani zao, wamesimama nyuma ya watu kwa sababu hawajui sala. Tarehe tisa jina la Babu lilisomwa pale uwanjani pamoja na ya marehemu. Medali yake mpya nilipokea mimi.

Sasa sikiliza. Tarehe kumi na tisa lilifika jibu la Podolsk. Hakuna karatasi iliyoungua. Limeandikwa kwa mashine, lina muhuri, ni la ukurasa mmoja. Nyota namba 739056 alipewa dereva wa lori aitwaye Zakhar Pimenov, mtu wa Omsk, katika jeshi la kaskazini, mahali ambapo Babu hakuwahi kukanyaga. Alirudi nyumbani mzima. Kwa wema wao waliangalia na jina la Lagutin, kwa kuwa Babu alikuwa amelitaja. Mitrofan Lagutin hakuwahi kupewa Nyota Nyekundu. Siku ile aliyopewa Babu nyota, yeye alipewa medali ya Ushujaa. Medali ya duara, Mjomba, yenye utepe. Na nyota ina pembe tano. Ukiziweka katika bakuli moja hata mlevi, hata kipofu, hata mtoto wa mwadhini aliyekunywa kwa mara ya kwanza, meno yake yatajua ipi ni ipi.

Waliosha pamoja, hilo ni kweli, maana alilikumbuka tundu na mkate. Yaliyobaki ulimpa wewe. Alikuwa na miaka sabini na tatu, kichwa chake kilikuwa kimechoka, ukamletea kitu kilichofanana na kumbukumbu, akakiamini kuliko macho yake mwenyewe. Alikufa anamwomba radhi mtu ambaye hakumkosea.

Kumi na nne Juni ni arobaini. Mama anasema mlango haujafungwa, wewe ni mwana. Mimi nasema usije kama huna la kusema.

Rezeda

*

Moscow, 16 Juni 1995

Rezeda,

Salamu siziandiki, sijui nizianze wapi.

Kwenye arobaini nilikuja. Nilifika Kazan kwa treni ya asubuhi, nikakata tiketi ya basi la kwenu, nikakaa stesheni nimeishika. Mabasi mawili yaliondoka. La tatu dereva aliniuliza, "Mzee, unakwenda au unasindikiza?" Nikamwambia nasindikiza. Nikarudi Moscow.

Ule mstari niliuandika. Usidhani sikuuandika. Niliuandika mwezi Aprili mara nne, "Baba, hukuchukua cha mtu," na kila mara nikiusoma naona swali linalofuata. Angeuliza, "Umejuaje?" Nami ningejibu nini? Kwa hiyo nikanunua machungwa.

Katika kifurushi hiki kuna kopo la chai. Ndani yake, kwenye pamba, kuna nyota. Usishtuke kwa sura yake. Igeuze. Utaona 742318, inasomeka yote, haikupata hata mkwaruzo. Mpelekee Minnegali, mpelekee muuza duka, wabandikie mlangoni. Ilikuwa kwangu rafuni juu ya jiko toka mwaka wa tisini na moja. Ulipoandika ile barua ya Desemba nilikuwa naweza kuitia katika bahasha na kuituma. Ingefika kwa siku kumi na nane.

Sikuiuza. Mama yako najua anafikiri niliiuza, na bora ningekuwa nimeiuza, mtu mwenye njaa anasamehewa. Yalikuwa hivi. Katika sherehe ya miaka sabini ya baba niliiona ina pengo dogo kwenye pembe moja, ile rangi nyekundu ya kioo imebanduka, kama punje ya mtama. Mezani walikuwapo majirani wote. Nikasema, mimi nitaitengeneza, huko Moscow nina siri zangu. Baba akawageukia watu, akasema, "Huyu ni fundi wa nishani za majenerali." Hakuwahi kunisifu kabla. Shule niliacha darasa la saba, gereji walinifukuza, mke alinifukuza. Siku hiyo alinimiminia chai kwa mkono wake.

Wengine pengo kama lile wanalijaza kwa rangi ya kucha, na mtu akipitisha asetoni inatoka. Mimi sikutaka kumfanyia baba rangi ya kucha. Nilisikia mtu sokoni akisema kioo kile hutiwa kwa moto, basi nikanunua unga mwekundu kwa mganga njaa mmoja, nikaujaza, nikaiweka nyota juu ya jiko la gesi, kwenye kikaangio changu cha mayai. Ililia mlio mdogo, kama mtu anayevunja ufito. Kioo cha pembe zote tano kikaruka. Vipande vingine nimevikuta nyuma ya jiko miaka miwili baadaye.

Nilikuwa na miaka arobaini na tatu na niliogopa kupigwa na baba yangu.

Mezani kwangu nilikuwa na nyota tatu. Nilichagua iliyo bora, rangi yake kama cheri, nikaifunga vizuri, nikaituma. Na hapa ndipo uniulize, kama ulivyoniuliza nisijibu: wewe mtaalamu, umewezaje kudhani hawatagundua?

Wakati ule nilikuwa na miezi mitano sokoni. Nilijua kutofautisha fedha na bati kwa kuing'ata, na nilijua kusema. Hiyo namba niliiona, ilikuwa nyuma kabisa, imechorwa kwa mkono. Nilidhani ni namba ya kiwanda, kama ile iliyo chini ya birika. Masika yaliyofuata alikuja bibi mmoja na nyota ya mumewe pamoja na kijitabu. Akaweka kidole kwenye kijitabu, kisha akaigeuza nyota. "Unaona, fundi, zinalingana," akaniambia. "Kila moja ina mtu wake." Nikamjibu, "Mama, hayo nayajua tangu utotoni."

Sikuwa nayajua. Ndiyo kwanza nilikuwa nayasikia.

Fanzil